Mpende sana ila umwache apumue

Ukiulizwa kama mwenzako ana uhuru utajibu ndio bila hata kufikiria, na hudanganyi, maana hujawahi kumkataza kwenda popote. Na mimi nilikuwa najibu hivohivo. Ila siku hizi naamini uhuru wa mtu unapimwa pale anaporudi kuliko pale anapoomba kutoka. Anafungua mlango saa tatu usiku kama alivyosema, alikuwa na rafiki zake, ana furaha, ana stori zake, anakukuta umeinamia simu, salamu unaitikia kwa neno moja, hujamgombeza wala hujamuuliza chochote ila nyumba nzima imepoa, na yeye anaanza kunyata ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wiki ijayo akialikwa tena atapiga hesabu, masaa mawili ya raha kwa siku mbili za kununiwa, alafu atakwambia "aa leo sijisikii kwenda". Wewe moyoni umefurahi, kabaki. Kabaki kweli, ila kabaki kwasababu umefanya kutoka kuwe ghali.

Mimi nilifanya hivi karibu miaka miwili na ningekuapia kwamba simbani mtu. Siku moja wala hatukuwa tunagombana, tumekaa tu, mwenzangu akaniambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba kila akitoka bila mimi, akikaribia nyumbani tumbo linaanza kumuuma. Nilinyamaza muda mrefu. Mtu ninayempenda kuliko wote anaumwa tumbo kwasababu anarudi kwangu. Haya ninayoyaandika nimeyajifunza baada ya hiyo siku, mengine kwa kujaribu na kukosea, mengine kwa kusoma, na nayaandika kwa yule anayependa sana na anaogopa sana, kwasababu mara nyingi hivi vitu viwili vinakaa kwenye moyo mmoja.

Anza na kuaga na kupokea

Ndo pa kuanzia hapa kabla ya mambo makubwa ya mipaka na mikataba, maana hili unaweza kulifanya leoleo.

Anapotoka, uliza unachohitaji kujua kweli na uishie hapo. Kwa kawaida ni kimoja tu, unategemea kurudi saa ngapi, basi, na kama kuna jambo la nyumbani linalomhitaji liseme sasa hivi sio dakika ya mwisho akiwa ameshashika kitasa. Kuna ule mchezo wa mtu kukumbuka shida zote pale mwenzie anapotaka kutoka, mara kichwa kinauma, mara kuna jambo zito nilitaka tuongee. Jichunguze kwa ukweli. Kama kichwa kinauma kila ijumaa anapoalikwa basi sio kichwa. Alafu mtakie heri kwa maneno yenye joto, "furahi, nisalimie watu", ukiwa unamwangalia usoni, maana ukisema "haya" huku umempa mgongo anaondoka na ule mgongo wako anakaa nao usiku mzima.

Anaporudi, inuka. Najua inaonekana kitu kidogo lakini fanya. Acha simu, inuka, mpokee, mpe hata dakika kumi za kutulia kabla hujaleta habari ya bomba linalovuja. Alafu uliza swali moja ambalo jibu lake unalitaka kwa ajili ya kufurahi naye. Kuna swali la kutaka stori na kuna swali la kuhoji, na maneno yanaweza kuwa yaleyale kabisa, "nani alikuwepo?" ni yote mawili inategemea wewe una nia gani. Kipimo changu ni hiki, kama wakati anajibu mimi nalinganisha jibu lake na kitu ninachokijua tayari, nimeona picha mtandaoni, nimesikia kwa mtu, basi nahoji, na naacha hapohapo.

Mtafiti wa saikolojia Shelly Gable mwaka 2004 na wenzake waliangalia watu wanawapokeaje wenza wao wanapoleta habari nzuri, na mambo mazuri kwenye uhusiano yalikuwa yanaenda na yule anayepokea kwa uchangamfu, anauliza zaidi, anataka kusikia, wakati yule anayeitikia tu "aa vizuri" kwa upole alikuwa na uhusiano dhaifu zaidi. Huo upole wa baridi ndo uliokuwa wangu. Nilidhani kwasababu sijasema vibaya nimefanya vizuri.

Kwanini kumpenda sana hakumnyimi uhuru

Watu wengi wanafikiri ni mizani, upendo ukipanda uhuru unashuka, kwaiyo ili umpe mtu nafasi inabidi upoe kidogo, ujifanye hujali sana. Mi nilijaribu hiyo pia na iliharibu zaidi.

John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, ndo alianza kueleza jinsi mtoto anavyojifunga kwa mtu anayemlea, na mwanasaikolojia Mary Ainsworth akaja akaliangalia jambo hilo kwa macho, kwanza kwa kuwatazama kina mama na watoto wao Uganda miaka ya 1950, baadae Marekani kwenye chumba chenye midoli, mama anatoka kidogo, anarudi, na wao wanaandika mtoto anafanya nini. Walichokitazama kwa makini kuliko vyote ni pale mama anaporudi. Mtoto mwenye uhakika na mama yake anaweza kulia akiachwa, ila mama akirudi anamkimbilia, anatulizwa, na muda si mrefu anarudi kuchezea midoli mbali na mama. Yani uhakika ndo unampa miguu ya kwenda. Yule ambaye hana uhakika ama anang'ang'ania na kukasirika hatulizwi, ama anajifanya hata hajaona kama mama karudi. Mwaka 1987 wanasaikolojia Cindy Hazan na Phillip Shaver wakaonyesha kwamba mambo haya yanafanana sana na tunavyopendana sisi watu wazima, na niliposoma nilijiona kabisa, mimi nilikuwa yule wa kung'ang'ania kwanza, alafu nilipoona aibu nikawa yule wa kujifanya sioni.

Kuna na Brooke Feeney, mtafiti wa mambo ya uhusiano, yeye mwaka 2007 alionyesha kitu ambacho kinashangaza ukikisikia mara ya kwanza, kwamba mtu ambaye mwenza wake anamkubali anapomhitaji, hamsukumi, haoni kero, ndo huyohuyo baadae anakuwa na uwezo zaidi wa kufanya mambo yake mwenyewe. Kwaiyo ukitaka mwenzako awe huru, patikana. Akikupigia akiwa na shida pokea. Akisema amechoka na anataka kukuegemea usimwambie ajitegemee. Mtu ambaye anajua nyuma kuna mtu haendi huku anageuka geuka.

Na hapo ndo naomba uelewe tofauti ya kumpa mtu nafasi na kumsusa. "Fanya unavyotaka" ni maneno mawili yasiyo na uhuru hata kidogo ndani yake, kila aliyewahi kuambiwa anajua. Kunyamaza siku tatu ukasema unampa nafasi nayo ni adhabu tu. Ukitaka kumpa nafasi mwambie kwa maneno, "nenda, mimi nipo, ukinihitaji nipigie", alafu kweli uwepo.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wameandika miaka mingi kuhusu mahitaji ya msingi ya binadamu na wamelitenganisha jambo hili vizuri, kufanya kitu kwa hiari yako ni tofauti kabisa na kukaa mbali na watu. Mtu anaweza kushinda na wewe siku nzima jumapili mpaka jumapili na akawa huru kabisa kwasababu ndo anachokitaka, na mwingine yuko nje kila siku ila hana uhuru, kila saa moja anatuma picha kuthibitisha yuko wapi. Kwaiyo usihesabu masaa ya kutoka. Angalia kama anaweza kukwambia "hapana" bila kujiandaa kwanza.

Zile saa ambazo hayupo

Hii ndo sehemu ngumu na sitaki kuipita haraka, kwasababu ushauri mwingi unaishia kwenye "mwamini tu" kana kwamba kuamini ni swichi.

Saa nne imefika, alisema saa tatu. Simu haipokelewi. Mwili unaanza kabla ya akili, kifua kinabana, mikono inatafuta simu, unaona alikuwa onlaini dakika sita zilizopita na meseji yako ina tiki za bluu. Kichwa kinatengeneza filamu nzima yenye watu, sehemu, na maneno. Kwanza kabisa, usitume meseji ya pili. Nasema hivi kwa sababu ya pili inaleta ya tatu, na ya tatu huwa ina maneno ambayo kesho unatamani kuyafuta. Kama una hofu ya usalama wake kweli, ajali, ugonjwa, hiyo ni sababu ya kupiga, piga mara moja ukiwa unajua unapigia usalama, na akipokea yuko salama basi sema "asante, nilikuwa na wasiwasi, endelea" na ukate, usigeuze hapohapo kuwa kesi.

Alafu chukua karatasi. Upande mmoja andika ulichokiona, mfano amechelewa saa moja, hajajibu. Upande mwingine andika ulichoongeza mwenyewe. Mimi mara ya kwanza nilivyofanya, upande wa kwanza ulikuwa na mistari miwili, wa pili ulijaa ukaenda nyuma ya karatasi. Kisha malizia sentensi hii, "nikiwa sina uhakika huwa naogopa kwamba...", na usiishie jibu la kwanza, liulize kwanini mara tatu nne. Kwangu mimi chini kabisa hakukuwa na habari ya mwenzangu kabisa, kulikuwa na mtu mwingine zamani ambaye aliwahi kutoka kwa maneno mazuri na hakurudi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ndivyo ilivyo, na kushtuka sio kosa lako, ila ung'ongo nao haujafanya kosa lolote na haustahili kupigwa fimbo.

Alafu fanya kitu cha kwako. Sisemi cha kujipotezea muda ukiwa unamsubiri, wala cha kumkomoa, ule mtindo wa "na mimi natoka basi aone". Nasema kitu ambacho ungekifanya hata kama usingekuwa na mtu, rafiki yako wa siku zote ambaye umemsahau toka umeanza mapenzi, kozi uliyoiacha katikati, mazoezi jimu, kusoma, kulala mapema. Mtu ambaye maisha yake yote yamewekwa ndani ya mtu mmoja, kila huyo mmoja akisogea hatua tano anaona maisha yanatembea yanaondoka, lazima ashike. Nimeona watu wazuri sana wanageuka askari jela kwasababu hii tu, hawana pengine pa kusimama.

Kesho yake, sio usiku huo, ongea. Ongea kuhusu wewe na uombe kitu kimoja kinachoshikika. "Jana ulipochelewa nilipata wasiwasi sana, najua hujafanya kosa, naomba ukiona unachelewa kwa zaidi ya saa moja nitumie meseji moja tu." Hilo ni ombi. Anaweza akakubali, anaweza akasema "simu huwa naiweka mbali, ila nikiondoka pale nitakutumia", mnajadili. "Kuanzia leo unarudi saa mbili" ni amri, na amri ina tabia yake. Mwanasaikolojia Jack Brehm alilieleza mwaka 1966, mtu akihisi anaporwa uhuru wa kuchagua, kile alichokatazwa kinaanza kumvutia zaidi na anapata nguvu ya kukirudisha. Rafiki ambaye mwenzako alikuwa anamwona mara moja kwa mwezi, mkatazie, uone atakavyomkumbuka kila siku.

Simu yake

Kila mtu ana msimamo wake hapa na mimi nasema wangu. Kuwa na paswedi ya mwenzako sio ushahidi wa upendo. Kama mmepeana kwa ajili ya dharura sawa, ila ukiifungua usiku akiwa amelala umevunja kitu hata kama hukukuta chochote, na hutaridhika kwa kutokukuta, utasema kafuta. Sijawahi kusikia mtu aliyepekua simu akatulia moja kwa moja, anatulia siku mbili alafu anapekua tena.

Kuna jambo ambalo huwa linasahaulika kabisa. Kwenye ile simu kuna siri za watu wengine. Dada yake kamwandikia kuhusu ugonjwa wake, rafiki yake kamlilia kuhusu ndoa yake, hao hawakukuandikia wewe. Mwenzako akikwambia "siwezi kukuonyesha haya mazungumzo, sio yangu peke yangu", inawezekana kabisa anakuonyesha jinsi atakavyotunza na siri zako.

Lokesheni, nayo inategemea. Kama mmekubaliana wote wawili muwashe kwa ajili ya usalama, safari za usiku, mmoja anaendesha mbali, haina shida. Ila mjiulize kama mmoja akiizima leo kutakuwa na kesi. Kama kutakuwa na kesi basi huo ni ulinzi umeshageuka kuwa uchunguzi.

Ndoto zake zikimpeleka mbali

Siku moja atakuja na habari, kapata nafasi ya kusoma mji mwingine, kapata kazi ya kusafiri safiri, anataka kuacha kazi ya uhakika aanzishe kitu chake. Dakika tano za kwanza ni za muhimu sana, maana ndo atakazozikumbuka. Hofu yako itataka kuongea kwanza, "na mimi je?", "na sisi je?", na ni maswali halali kabisa, ila yana siku yake na siku yake ni kesho. Leo mfurahie. Muulize amepataje, anaonaje, kitu gani kimemvutia. Kesho mkae, useme na hofu zako zote bila kuzipamba, mpige hesabu za muda na pesa na umbali, na inawezekana mwisho wake mkaamua asiende, ila ataamua akiwa na mtu ambaye kwanza alifurahi naye.

Usimwambie "chagua mimi au hiyo". Hata ukishinda umepata nini, umepata mtu mwenye deni ambalo hujui lini atakudai.

Pesa nitaipita haraka tu. Kila mmoja awe na kiasi ambacho haulizwi amekitumiaje, hata kama ni kidogo sana, kingine mpange pamoja. Mtu mzima ambaye anaeleza kila senti hawezi kujisikia mzima.

Uhuru wa mmoja usibebwe na mgongo wa mwingine

Hapa nageukia yule ambaye ndo huwa anatoka, kwasababu makala nyingi za uhuru kwenye mapenzi zinaandikwa kana kwamba anayebaki ndo mwenye shida peke yake.

Uhuru una adabu. Kuaga ni kazi yako. Kusema muda wa kurudi na kutoa taarifa ukibadilika ni kazi yako, meseji ya sekunde kumi haijawahi kumpunguzia mtu uhuru. Ukikaa kimya makusudi ili mwenzako "azoee", unamtesa, na mtu anayeteswa hazoei, anazidi kung'ang'ania, alafu unasema umechoka na kung'ang'aniwa.

Na mhesabu nani anatoka na nani anabaki. Kama kuna watoto, kama kuna mgonjwa wa kuangalia, kama kuna kazi za ndani, basi kila saa ya uhuru wa mmoja kuna mtu anailipia nyumbani. Mimi na mwenzangu tulikaa tukaandika mwezi mzima nani alitoka kwa ajili yake mwenyewe mara ngapi, kutoka kwa raha, sio kwenda kazini wala sokoni. Namba hazikuwa sawa na aliyezidi hakuwa anajua kabisa kama amezidi. Toka hapo tuna siku zetu, moja yake moja yangu, na anayebaki siku hiyo anabaki na kila kitu bila kupiga simu kuuliza nguo za mtoto ziko wapi.

Mipaka, makubaliano, na pale uhuru unapoisha

Kuheshimu uhuru wa mtu hakumaanishi unakubali chochote. Kaeni mseme waziwazi mmekubaliana nini, msiache kila mtu aende na tafsiri yake. Uaminifu kwenu ni nini hasa? Kuchati na eks ni sawa au sio sawa? Kulala nje ya nyumba? Kukopa pesa bila kuambiana? Watu wawili wanaweza kuishi miaka mitano kila mmoja anadhani wanakubaliana kumbe hawajawahi hata kuulizana. Na muyarudie, hata mara moja kwa mwaka, watu tunabadilika.

Mpaka unaongelea wewe utafanya nini. "Siwezi kukaa kwenye uhusiano ambao kuna mtu mwingine, ikitokea nitaondoka" ni mpaka, unamwachia uhuru wake na wewe unabaki na wako. "Sitaki uongee na mwanaume yeyote kazini" ni amri iliyovaa nguo za mpaka. Na mtu akivunja mlichokubaliana asikwambie kwamba huo ndo uhuru wake, alikuwa na uhuru wa kukataa pale mlipokuwa mnakubaliana.

Na kama wewe unayesoma ndo unayefuatwa kila unapoenda, simu yako inachukuliwa, pesa zako zinashikwa, unatengwa na ndugu na marafiki, unatishiwa au unapigwa, tafadhali usichukue maneno haya kama ushauri wa kuvumilia zaidi au kumwelewa zaidi. Hilo sio tatizo la upendo uliozidi. Mwambie mtu unayemwamini, tafuta msaada wa watu wanaoshughulika na mambo haya pale ulipo, na upange usalama wako kabla ya kumwambia kwamba unaondoka.

Zoezi moja la jioni

Mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake mwaka 1992 walitengeneza kipimo chepesi sana cha ukaribu, picha saba za duara mbili, ya kwanza zimegusana tu pembeni, zinaendelea kuingiliana mpaka ya saba ambapo karibu zimekuwa moja, na mtu anachagua ile inayofanana na yeye na mwenzake. Chukueni karatasi kila mmoja na yake, msionyeshane. Chora duara mbili jinsi unavyoona mlivyo sasa. Alafu chini yake chora jinsi ambavyo ungetamani muwe. Ndo muonyeshane.

Sisi yangu ya kutamani ilikuwa duara moja juu ya lingine, karibu hazionekani mbili. Yake zilikuwa zimeingiliana nusu. Niliumia, sitaki kuficha, nikaona hanipendi kama ninavyompenda. Akanionyesha ile nusu iliyoingiliana akasema "mbona hii ni kubwa sana, sina mtu mwingine duniani ambaye ningemchorea hivi", alafu akaonyesha ile nusu ya pembeni akasema "na huku ndo huwa natoa vitu vya kukuletea". Karatasi ninayo mpaka leo.

Na msitegemee mtafanana. John Gottman, ambaye ametazama wenza wakigombana kwa miaka mingi, anasema asilimia 69 ya migogoro ya wenza ni ya kudumu, haiishi, inatokana na tofauti za watu wenyewe. Mmoja kuhitaji ukaribu zaidi na mwingine kuhitaji nafasi zaidi mara nyingi ni mgogoro wa aina hiyo. Hamtaumaliza, mtaongea nao vizuri au vibaya miaka yote. Kinachosaidia ni kujua mwili wako, mapigo ya moyo yakishapita kama 100 kwa dakika huwezi tena kusikia mtu anasema nini, simamisheni, pumzikeni angalau dakika 20, na anayeomba kupumzika aseme anarudi saa ngapi kuendelea na kweli arudi. Kwa mtu mwenye hofu ya kuachwa hiyo "narudi baada ya nusu saa" ni dawa, bila hiyo mapumziko yanakuwa kama ameachwa tena.

Itachukua muda. Mimi ilinichukua zaidi ya mwaka na bado kuna siku kifua kinabana na karatasi inatoka. Mwanzoni hata ukibadilika mwenzako hataamini, utainuka kumpokea kwa furaha na yeye atasimama mlangoni anakuangalia usoni anatafuta kilichojificha, usikasirike, ulimfundisha mwenyewe kutafuta, mpe muda ajifunze upya.

Juzi alikuwa kasema saa tatu akarudi saa nne na nusu, alinitumia meseji moja tu kwamba wanaendelea. Nilisikia funguo nikainuka. Alianza kusimulia kabla hajavua viatu, anacheka, anavua kimoja anasahau kingine, na mimi nimesimama pale na mkoba wake mkononi namsikiliza.